Lenzi ya f/2.8 na harusi za Lubumbashi: nilivyopima kama inafaa bei yake

Harusi nyingi nilizopiga hapa Lubumbashi nilizipiga kwa Canon yenye kihisi kidogo (kile kinachopokea mwanga ndani ya kamera) na lenzi ya 55-250, yaani ya milimita 55 hadi 250, zikizidi ndivyo inavyovuta karibu; ile nyepesi ya gramu 375. Wenzangu wana 70-200 ya f/2.8 (namba ya f ni uwazi wa lenzi: ikiwa ndogo, mwanga mwingi huingia), na tukikutana nje ya Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, wateja hutazama kwanza lile dude jeupe. Kwa wengine hiyo ni sababu tosha ya kununua. Mimi nilitaka sababu nyingine.

Nilianza na picha nilizokuwa nimezitupa. Kila picha ya dijitali hubeba taarifa zake: milimita, uwazi wa lenzi, kasi ya shata (muda wa kupokea mwanga, kwa sehemu ya sekunde), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Za mchana, nje, zilizoharibika zilikuwa chache mno. Za ukumbini usiku zilirudia jambo lile lile: milimita 150 hadi 200, f/5.6, ISO 6400, 1/60. Bibi harusi katulia, wanaocheza mbele yake wamegeuka moshi.

Hapo hesabu iko wazi. Ukitoka f/5.6 kwenda f/2.8 mwanga unaongezeka mara 4, kwa hiyo bila kugusa ISO ile 1/60 inakuwa 1/250. Hiyo inatosha kumshika shangazi anayekuja akicheza kuwatuza maharusi.

Ila hesabu ya karatasi si ukumbi wa Katuba, mtaa wetu mmoja wa hapa Lubumbashi. Yaya mmoja wa kazi (hapa kwetu yaya ni kaka mkubwa), mpiga picha mwenzangu, aliniazima 70-200 yake, toleo la pili lenye kitulizi cha mtikisiko. "Mudogo yangu, ukiiangusha usirudie kwangu," akasema. Mchana nilipiga ua moja kwa lenzi zote mbili, f/8, nikachapisha sentimita 20 kwa 30 na kumpa mke wangu achague. Alizigeuza, akaniuliza kwa nini nimechapisha picha moja mara mbili. Kwa hiyo anayenunua kwa ajili ya ukali wa picha tu, tena za mchana, abaki na pesa zake.

Usiku ndipo zilipoachana. Hata kulenga kulibadilika: kamera hulenga lenzi ikiwa wazi kabisa, hivyo f/2.8 inaipa mwanga wa kuona. Lenzi yangu ilikuwa ikienda mbele na nyuma ikitafuta uso gizani. Hii ilishika mara moja.

Gharama yake niliisikia begani. Ni karibu kilo moja na nusu, na haiepukiki: kwenye milimita 200, f/2.8 inadai tundu la upana wa milimita 71 hivi. Tena inaanzia 70. Kwenye kihisi changu hiyo inabana kama milimita 112 kwenye kamera ya kihisi kikubwa, na katika ukumbi mdogo unarudi nyuma hadi mgongo ugonge spika.

Kilichoamua bei ni kile kitulizi. Kinazuia mtikisiko wa mikono yangu, anayecheza hakimzuii. Nami kwa 1/250 sikihitaji sana. Nikatafuta f/2.8 ya zamani isiyo nacho, ile ya mwaka 1995, gramu 1310, nikaipata iliyotumika kwa bei ya chini sana kuliko ya yaya. Haina mpira wa kuzuia vumbi pale inapofungwa kwenye kamera, na vumbi jekundu letu la kiangazi mnalijua, lakini angalau hairefuki unapovuta karibu, wakati ile ya 55-250 hutoka na kurudi ndani.

Kabla ya kulipa niliimulika kwa tochi kutafuta ukungu kwenye vioo, nikasikiliza mota, nikapiga kwa f/2.8 kwenye milimita 70 na 200. Muuzaji naye alizikagua dola zangu moja moja, akirudisha iliyochanika pembeni. Ya 55-250 sikuiuza: sherehe za mahari uani, mchana, bado naenda nayo.