Wivu si husuda

Leo alasiri, dakani kwetu, hapa Mkomani, Lamu.

Jirani kamwambia dada: "Weye una husuda!" Kisa? Dada kamuuliza mumewe nani anampigia simu usiku.

Shangazi akauweka ukili wake wa mkeka chini. Na huyu hauweki ukili hata wageni wakija.

"Huo ni wivu. Mwenye wivu ana chake, aogopa kunyang'anywa. Hasidi ataka chako kikutoke, hata kama hakitamfikia yeye."

Kweli, Suratul Falaq ya Kurani inaishia kwa kuomba kinga na shari ya hasidi. Mwenye wivu hakutajwa.

Dada akacheka. Jirani hakucheka, na uso wake ule bado ninao kichwani.

Haya wenzangu, kijicho nacho mnakiweka wapi? Mimi nakiweka kwa husuda. Nibishieni.