Nilivyorefusha waya wa maiki ya redio kwenye gari

Nilikuwa nashuka Kitonga, lori mbele, basi nyuma. Nikapeleka mkono kwenye gia, gia ikagoma. Waya wa maiki ulikuwa umejizungusha kwenye kishikio. Niliuchomoa nikapata gia ya pili, ila nilipofika Ruaha Mbuyuni niliegesha, nikaing'oa maiki na kuitia kwenye droo. Nikaapa haitoki humo mpaka nimeitafutia njia nyingine.

Redio yangu ya ridhaa, yaani ya mawasiliano ya burudani kwa wenye leseni, ni Yaesu FT-857D. Uso wake, wenye kioo na vitufe, unabanduka: nimeufunga kwenye dashibodi, na kiwiliwili kimelala chini ya kiti cha abiria. Lakini maiki haiufuati uso. Tundu lake limebaki kwenye kiwiliwili, kwa hiyo waya wake wa msokoto hutoka chini ya kiti, ukapanda, ukapita juu ya gia. Kuna seti ya kiwandani ya kutenganisha uso na mwili, YSK-857, ambayo huja na waya wa kurefushia maiki. Mimi niliinunua redio mkononi mwa mtu, bila seti hiyo, nikaamua kuunda waya wangu.

Tundu la maiki ni la RJ45, lilelile la waya wa mtandao wa kompyuta. Ukiliona unadhani kazi imekwisha: chukua waya wowote wa mtandao, weka kiunganishi, ongea. Nami nilidhani hivyo. Nilikuwa na waya wa zamani wa mita 3 nyumbani, nikauchomeka. Nilipobonyeza PTT, kitufe cha maiki cha kubonyeza ili uongee, redio haikurusha, ila namba za masafa zilianza kupanda kwenye kioo. Nikabonyeza kitufe cha kupandisha masafa, redio ikarusha.

Niliketi chini na mita ya kupimia umeme. Ukishika plagi vidole vya shaba vikikutazama na waya ukielekea chini, namba 1 iko kushoto. Kwa maiki hii, MH-31, mpangilio ni huu: 1 kushusha masafa, 2 kupandisha, 3 volti 5, 4 ardhi ya maiki (njia ya umeme wa sauti kurudi), 5 sauti yenyewe, 6 PTT, 7 ardhi ya jumla, 8 kitufe cha mwendo wa haraka. Nikauchunguza ule waya. Upande mmoja rangi zilianza na nyeupe-chungwa, upande wa pili nyeupe-kijani. Ulikuwa waya wa kuvuka, ule uliotumika zamani kuunganisha kompyuta mbili moja kwa moja. Namba 1 inakwenda 3, na 2 inakwenda 6. Ndiyo maana PTT yangu iliangukia kwenye kupandisha masafa. Nilishukuru kwamba sikubonyeza cha kushusha, maana kingeipeleka ile volti 5 moja kwa moja ardhini.

Hapo ndipo nilipogundua jambo lililonifurahisha kuliko yote katika kazi hii. Ndani ya waya wa mtandao nyuzi nane zimesokotwa mbilimbili, na jozi ya bluu hukaa namba 4 na 5, uanze na chungwa au na kijani. Kwenye Yaesu hii, 4 na 5 ndizo ardhi ya maiki na sauti. Kwa hiyo sauti, ambayo ni umeme mdogo mno, inasafiri ikiwa imesokotwa na ardhi yake yenyewe, na uchafu unaoingia unazigusa nyuzi zote mbili karibu sawasawa. Usingeweza kupanga vizuri zaidi. Ila usiichukulie kama kanuni ya redio zote. Kwenye redio ya Icom IC-706 sauti iko namba 6, ardhi yake 5, PTT 4. Ukitumia waya wa kawaida huko, sauti inakuwa jozi moja na waya usio wake, na ardhi ya maiki inasokotwa na PTT. Mwenye redio hiyo inambidi azipange upya rangi, ncha zote mbili sawasawa, ili 5 na 6 ziwe jozi moja.

Nikabana waya mpya, mnyoofu, chungwa kwa chungwa. Kila kitufe kikafanya kazi yake. Nikamwita rafiki yangu wa Arusha kwenye 7 MHz, wati 100.

"Kaka, leo unaongelea ndani ya pipa?"

Nikashusha hadi wati 20. Akasema sasa nimekuwa mtu. Hiyo ilitosha kuniambia kwamba tatizo si maiki: mawimbi ya antena yangu yalikuwa yanaingia kwenye waya niliourefusha na kurudi redioni pamoja na sauti. Antena iko kwenye bampa la nyuma, na waya umelala urefu wa kapeti. Ulikuwa unayapokea kama antena ya pili.

Nikaenda Kariakoo kutafuta waya wenye kinga, yaani ule wenye karatasi ya alumini ndani na uzi mmoja mtupu unaoambatana nayo. Nilikuwa na masharti mengine mawili. La kwanza, kila uzi uwe wa nyuzinyuzi, si kipande kimoja kigumu. Kigumu ni kizuri ukutani, lakini garini kinakunjwa na kutikisika kila siku, kitakatika. La pili, iwe shaba tupu. Kuna nyaya nyingi za alumini iliyopakwa shaba, na kwa macho hazitofautiani. Niliomba kipande, nikakwangua uzi kwa wembe. Wa duka la kwanza ulitoa weupe chini ya wekundu. Wa duka la tatu ulibaki mwekundu mpaka ndani, nikachukua mita 3.

Wengine waliniambia mita 3 zitaifanya sauti iwe nzito. Si kwa maiki hii. MH-31 ni ya koili, ohm 600. Waya wa aina hii una takriban pikofaradi 50 (kipimo cha uwezo wake wa kushika chaji, ambao hupunguza sauti za juu) kwa kila mita, kwa hiyo mita 3 ni 150. Ukipiga hesabu, sauti ingeanza kupungua baada ya kupita MHz 1, na sauti yetu ya SSB, njia tunayorushia sauti kwenye masafa haya, inaishia karibu na kHz 3.

Kosa langu la mwisho lilikuwa kwenye kinga. Niliufunga ule uzi mtupu kwenye ardhi ya redio, kisha nikaufunga tena kwenye chuma cha dashibodi, palipo na soketi ya ncha ya pili ya waya, maiki inapochomekwa. Pipa likaondoka, ukaja mluzi uliopanda kila nikikanyaga mafuta. Altaneta. Kati ya ardhi hizo mbili palikuwa na tofauti ndogo ya umeme, na kinga ikawa barabara yake. Nilikata ule wa dashibodi, nikaufunika kwa mpira unaosinyaa kwa moto, nikabakiza wa redioni peke yake. Mluzi ukafa palepale, injini ikinguruma. Kwa sababu hiyohiyo usije ukaunganisha 4 na 7 eti zote ni ardhi. Ziache kila moja ipite njia yake.

Kwa wati 100 bado ulibaki mkwaruzo kidogo. Niliupitisha waya mara moja ndani ya pete ya feraiti, ile inayozuia mawimbi ya redio kupita kwenye waya, sikuona mabadiliko. Nikauzungusha mara saba katika pete hiyohiyo, karibu na redio, ukaisha. Mizunguko ina nguvu ya kipeo cha pili: saba ni kama pete 49 zilizopangwa mstari.

Sasa maiki inaning'inia kulia kwangu, mbali na gia, na wa Arusha akinisikia hajui kama nimechomeka redioni au kwenye dashibodi. Kilichobaki ni kwamba ncha za waya huu zinafanana kabisa na za intaneti. Ukichomekwa kwenye swichi ya mtandao inayotoa umeme kwenye waya, au mtu akiingiza waya wa swichi hiyo kwenye soketi yangu, redio inaweza kuungua. Nimezungushia utepe mwekundu kila ncha, na kwa kalamu ya wino usiofutika nimeandika: MAIKI, SI INTANETI.