Tulivyopanga upya maktaba ya mtaa wetu

Nilipoingia kwenye kamati ya kuboresha tawi la maktaba la mtaani kwetu, mazungumzo yote yalihusu kompyuta mpya na rangi ya kuta. Niliomba jambo moja kabla hatujagusa bajeti: tukae mle ndani tuangalie watu wanavyolitumia jengo. Mkutubi aliafiki. Tukagawana zamu za asubuhi, mchana na jioni, kila mtu na mchoro wa chumba mkononi, akitia alama kila kiti kilichokaliwa na kuandika aliyekikalia anafanya nini.

Michoro ile ilibadilisha mpango wote. Wanafunzi walibanana madirishani, na meza pana za katikati zilibaki tupu. Tulipima mwanga. Meza ya kusomea inahitaji kama lux 500 (lux ni kipimo cha mwanga unaofika mezani). Pale katikati hatukupata hata nusu, kwa sababu taa zilining'inia juu ya rafu badala ya meza. Kuzihamisha taa ni kazi ya fundi umeme, na gharama yake haikaribii hata kidogo ya kompyuta.

Kisha nikachukua futi kamba. Mtu wa kiti cha magurudumu anahitaji njia ya sentimita 90 hivi, na kama 150 ili ageuke. Kati ya rafu za historia kiti kiliingia vizuri, lakini mwisho wa njia palikuwa na ukuta. Jirani yetu mmoja anayetumia kiti hicho alinionyesha anavyotoka: kinyumenyume, mkono mmoja ukishika rafu. Nilikasirika kwa kweli. Nikaandika kufungua njia hiyo kuwa kazi ya kwanza kabisa, na sikukubali ishushwe.

Jambo ambalo kamati nyingi huliruka ni kuwauliza wasiokuja. Wanaokuja wameshazoea kasoro zilizopo. Tulisimama kituo cha basi tukauliza. "Mwanangu, mimi nikitoka kazini nyie mmeshafunga," mama mmoja aliniambia, na wengi walisema vivyo hivyo. Mzee mwingine alidhani kuna kiingilio. Tamko la IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, na UNESCO kuhusu maktaba za umma, lililofanyiwa marekebisho mwaka 2022, linasema huduma hizi kimsingi ziwe za bure, nasi hatukuwa na hata kibao mlangoni cha kusema hivyo!

Kona ya watoto tuliisogeza karibu na mlango, mbali na wanaosoma kimya. Kwa yeyote atakayehamisha rafu, hasa ghorofani: mwone mhandisi kwanza, vitabu ni vizito mno.

Mpango tuliowasilisha ulikuwa na njia, taa, kibao, na kufunga saa mbili usiku kwa siku kadhaa za wiki. Umepita. Saa za jioni zimeanza kwa majaribio, na kompyuta tumeziweka awamu ya pili, pamoja na choo chenye mlango mpana, ambacho bado tunakipigania.