Stata imegoma Mbuyuni

Nimefika nyumbani sasa hivi, mikono bado inanuka grisi.

Asubuhi nilimpeleka mama soko la Mbuyuni, hapa Moshi. Gari ni lile la marehemu baba, la mwaka 1994.

Wakati wa kurudi nageuza ufunguo: "ta!" Kimya. Nageuza tena: "ta!" Taa zinawaka vizuri, kwa hiyo huenda si betri.

Mzee mmoja muuza ndizi akaja. "Kijana, una spana ya tairi?"
Akaniambia nitoe gia, nivute hendibreki, nikae na ufunguo.
Akainama, akawa anaigonga stata, ile mota ya kuwashia injini, taratibu, kama anayebisha hodi usiku.
"Washa!"
Ikawaka.

Anasema kaboni, vile vipande vya kupitisha umeme ndani ya stata, zimelika, zinakwama. Ukigonga zinasogea, zinagusa tena. Ila ni dawa ya siku chache tu.

Ule mlio wa kugonga ndio umenishika. Baba alikuwa akigonga hivyo hivyo, mimi mtoto nimeshika ufunguo.
Nikamtazama mama. Hakusema neno mpaka tunafika Majengo.

Kesho naifungua stata, naweka kaboni mpya.

Nyie ikiwagomea mnafanyaje? Na nani alikufundisheni?