Samahani Shangazi, nimechelewa

Shangazi aliuliza mbele ya Kaka mwenyewe, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Angemvuta wifi pembeni, au angenipigia mimi usiku kama kawaida yake, wala nisingeandika haya. Lakini alikaa kitako, akamtazama Kaka kuanzia miguuni mpaka kwenye ile alama nyekundu ambayo barakoa ya mashine ya pumzi humwachia juu ya pua, akasema: "Si walisema miaka mitatu?" Yaani ya kuishi, tangu Kaka aanze kuugua ALS, ugonjwa unaodhoofisha misuli kidogo kidogo mpaka ile ya kupumua.

Kaka akameza mate kwanza. Siku hizi hasemi mpaka apange pumzi. Kisha: "Samahani Shangazi, nimechelewa."

Wifi akacheka. Shangazi naye akacheka, nadhani kwa aibu. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha Kaka chenye mrija, sikujua uso niuweke wapi.

Wiki nzima ni hilo tu. Ile nafasi ya kazini nimeipata (ndiyo, ile niliyowachosha nayo), binti wa dada kachumbiwa, na bado nikioga nasikia "nimechelewa." Nimeshamtungia majibu mengine makali. "Shangazi, na wewe walikupa mingapi?" Hilo nililisema kwa sauti nikitandika kitanda.

Hasira ilianza kuniishia nilipokumbuka kwamba mitatu hakuitunga yeye. Daktari ndiye aliyetuambia: karibu nusu ya wagonjwa hufariki ndani ya miaka miwili au mitatu tangu dalili za kwanza. Sote tuliondoka na "mitatu", "nusu" tukaiacha pale mezani. Ile nusu nyingine hakuna aliyeiulizia. Na takriban mmoja katika kumi huvuka miaka kumi. Stephen Hawking, yule mwanafizikia wa Uingereza aliyekuwa na ugonjwa huu huu, alipewa miaka miwili mwaka 1963, akafariki 2018, ingawa jina hilo silitaji nyumbani. Kaka hachelewi kusema, "Yule usimhesabu."

Tena hesabu yenyewe inasogea. Riluzoli, dawa ya ugonjwa huu iliyopata kibali Marekani mwaka 1995, majaribio yake yalionyesha nyongeza ya miezi miwili mitatu tu ya kuishi, na Kaka huimeza asubuhi na jioni kwa dharau kabisa. Anachokiheshimu ni mashine ya pumzi ya usiku. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2006 ulionyesha kwamba iliongeza kama miezi saba kwa wale ambao misuli ya kusema na kumeza haijaharibika sana. Kwake ugonjwa ulianzia mkononi, haukuanzia kwenye ulimi, na wanaoanzia mkononi au mguuni kwa kawaida huenda taratibu zaidi. Ni ajabu kushukuru kwa jambo kama hilo, lakini nashukuru.

Kliniki nako wana yale maswali 12 ya kupima mwili bado unaweza nini, yenye jumla ya alama 48. Safari hii wakamuuliza kama anageuka kitandani mwenyewe. "Wifi wa huyu akigeuka, nami nageuka," akasema, akinielekezea mimi kidevu kwa sababu mikono haimtii. Wengi hupoteza kama alama moja kila mwezi. Zake hazijashuka tangu tulipoenda mara ya mwisho. Daktari akatuonya tusishangilie, kwamba ugonjwa huu unaweza kutua kisha ukaendelea. Nikashangilia tumboni.

Jana nikamuuliza wifi kama Kaka aliumia siku ile. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. "Kaumia? Jibu lile alikuwa nalo miezi! Alikuwa akisubiri tu nani atauliza."

Basi nimekuwa nikimpigania mtu aliyeshinda zamani. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka Salma akaja kuchungulia.

Na huyo Salma ndiye anayeninyima usingizi sasa. Anakaa karibu mno na runinga, anafinya jicho la kushoto, nikimuuliza anasema anaona vizuri. Inabidi nimpeleke akapimwe, na kazi mpya inaanza Jumatatu. Ruhusa ya kwanza naiombaje?