Nilivyowatoa vidukari kwenye bamia kwa mafuta ya mchaichai na karafuu

Bamia zikishaanza kuzaa unachuma kila siku mbili, ukichelewa zinakuwa nyuzi tupu na hapa Malindi hakuna atakayezinunua. Sasa dawa nyingi za agroveti zimeandikwa usubiri siku kadhaa ndo uchume, na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, wamejaa upande wa chini, nitasubiri vipi? Na hizo bamia wanangu wanazila pia. Ndo nikageukia mafuta ya mchaichai na ya karafuu, yale yanayotolewa kwa mvuke. Mafuta ya mwarobaini hukamuliwa kwenye mbegu na ni mazuri sana, ila yanaenda polepole, yanamzuia mdudu asile na asikue, mimi nlitaka kitu cha kumuua pale pale kinapomgusa. Karafuu ina yujenoli, ndo ile inayokutia ganzi ulimi ukiitafuna, na mdudu inamvuruga mishipa ya fahamu.

Kazi kubwa iko kwenye kuchanganya. Mafuta na maji havipatani, ukiyamimina hivi hivi yanaelea juu na tone likitua kwenye jani linaliunguza, kwa hivo nakoroga mafuta na sabuni ya maji kwanza mpaka yashikane alafu naongeza maji kidogo kidogo. Kijiko kidogo cha chai cha mafuta kwa lita mbili za maji chatosha. Najaribu kwenye majani machache kwanza, nangoja siku mbili nione kama yameungua, na karafuu hasa usiizidishe jamani, kuna wanaoitumia kuulia magugu!

Napiga jioni jua likishapoa na nyuki wamerudi kwao, pampu naielekeza chini ya majani maana ndiko waliko. Mafuta haya yanaruka hewani haraka, ndo uzuri wake kwa mtu anayechuma kila mara, lakini pia ndo sababu lazima urudie, na kwenye joto letu kidukari jike huzaa watoto hai bila hata dume, ukiacha wachache tu wanajaa tena. Mimi narudia kila baada ya siku tatu nne mpaka majani yaache kunata kwa ule utamu wanaoutoa vidukari, na sisimizi wanaoufuata waondoke.

Kiwavi aliyeingia ndani ya bamia hayamfikii, huyo nachuma tunda nachoma. Na napiga miche iliyoshambuliwa tu, maana yanaua hata wale wadudu wazuri wanaokula vidukari. Pampu usiioshee mtoni wala karibu na kisima, samaki hawayawezi.

Kwa shamba la ekari nzima gharama itakushinda, ila kwa bustani ya nyumbani kichupa kimoja kinaenda mbali.