Umeona nini?

Zuhura ameposwa Jumapili, rasmi, wazee wamekaa na mahari imetajwa, na mwenye nyumba ameleta barua ya kupandisha kodi. Hayo nitayaandika siku nyingine. Leo siwezi, maana tangu juzi usiku kichwani mwangu wamo Shangazi na Athman tu.

Mnajua Shangazi amekuja kutoka Faza, kule Lamu, kutibiwa mtoto wa jicho. Na mnamjua Athman, mdogo wangu, yule wa kurusha droni za kupima mashamba ya chai. Sasa kampuni yao inatafuta kazi ya jeshi, na vijana wamepelekwa mafunzo ya kusoma picha zinazopigwa kutoka juu. Juzi baada ya kula akatoa simu atuonyeshe video ya mazoezi. Skrini nyeusi tititi, ndani yake vidoa vyeupe vinatembea. Kamera ya joto, akasema, chenye joto huonekana cheupe. Shangazi akaisogeza simu mpaka ikakaribia kugusa pua yake.

"Hawa weupe ni watu?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Wanafanya nini?"

"Hayo ni mazoezi tu."

"Sikukuuliza kama ni mazoezi, mwanangu. Wanafanya nini?"

"Kwa umbali ule si rahisi kujua."

"Na mkubwa wako akikuuliza utamwambia nini?"

"Nitamwambia nilichoona."

"Haya. Umeona nini?"

Athman kimya. Kisha akachukua simu yake na kusema, akinitazama mimi wala si yeye: "Dada, mtu asiye na hatia anaogopa nini kuonekana?"

Napanga dawa kwenye rafu, nayasikia. Nahesabu chenji za wateja, nayasikia.

Mumewe Shangazi alikuwa mvuvi. Miaka ile uvuvi wa usiku ulipopigwa marufuku Lamu kwa ajili ya usalama, nyavu zilikauka ukutani na madeni yakapanda. Kwa hiyo akiuliza wanafanya nini, anajua anachouliza. Mashua usiku: wanaume wameinama wanavuta wavu, pembeni jiko la makaa la kuchemshia chai. Kamera ya joto itaonyesha watu wameinama na kitu cha moto katikati yao. Aliyeambiwa asubuhi kuwa Al-Shabaab wanavuka kutoka upande wa Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, ataona wavuvi?

Athman ana hoja, na siipuuzi. Mpeketoni, huko huko Lamu, Juni 2014, waliuawa watu wapatao 60. Barabara za kando ya msitu wa Boni zimetegwa mabomu mara nyingi, wakafa askari, wakafa raia. Anasema droni ikitangulia mbele ya gari, watu wanafika kwao wazima. Kweli kabisa. Mwanangu angekuwa ndani ya gari hilo, ningeiombea droni dua.

Lakini Kabul, tarehe 29 Agosti 2021, Wamarekani walilifuata gari moja kutoka juu kwa saa nyingi. Mwenye gari alipakia vyombo vya maji, wao wakaona mabomu. Waliua watu 10, saba kati yao watoto, na zilipita wiki mbili na zaidi kabla ya kukiri kuwa wamekosea. Na Tudun Biri, kule Kaduna, Desemba 2023? Jeshi la Nigeria, droni ya Nigeria, raia wa Nigeria, wamekusanyika usiku kwa Maulidi. Walikufa watu wasiopungua 85. Jeshi likasema liliwadhania majambazi. Maulidi! Nikimwaza Shangazi kwenye Maulidi ya Lamu, zefe linapita, matwari yanapigwa, umati umejaa hadi ufukweni, nashindwa kuendelea.

Hao wote hawakuwa na hatia, na haikuwasaidia kitu. Hatia haina joto. Ndiyo maana maneno ya Athman yananichoma: yanamtaka anayetazamwa ajieleze, na anayetazama haulizwi lolote.

Na msidhani ni mambo ya Boni peke yake. Juni 2024 jeshi liliingia mitaani humu humu Nairobi baada ya vijana kuvamia Bunge. Wale vijana na chupa zao za maji na bendera, kutoka juu ni vidoa vyeupe vilevile. Katiba yetu, ibara ya 31, inalinda faragha ya kila mtu. Lakini Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ina mlango wake: usalama wa taifa ukitajwa, ulinzi mwingi unaachwa nje. Nani basi atamwambia mtu wa Faza kwamba alitazamwa, na picha zake ziko kwa nani?

Nilikuwa nimeamua kutozungumza na Athman mpaka Ijumaa. Jana jioni akapiga mwenyewe.

"Dada, nimewauliza."

Alimuuliza mwalimu wao: anayesema kidoa hiki ni adui, jina lake linaandikwa wapi? Akajibiwa kuwa swali hilo si la wanafunzi. Darasa likacheka.

Wallahi nilifurahi, nikatabasamu peke yangu nyuma ya kaunta. Furaha haikufika hata nyumbani. Mkataba wake ni wa muda, mkopo wa chuo hajaumaliza, dawa za presha za mama ananunua yeye, na sasa amejulikana kuwa mtu wa maswali. Nikamwambia asiache kuuliza, ila asiulize peke yake, atafute wenzake hata wawili. Akasema atajaribu. Kabla ya kukata simu akaniagiza nimwambie Shangazi kwamba jibu bado hana.

Sasa hivi kinachoninyima usingizi ni friji ya dukani. Imeanza kunguruma tena, kipimo kimepanda hadi nyuzi 9, na insulini za watu zilikuwa ndani. Nimezihamishia duka la pili kwa muda, fundi hapokei simu, na yule mzee wa ghorofa ya juu anakuja kuchukua yake kesho saa moja asubuhi.